Usisimame Mpaka Nikuite

Katika ukoo wa Alphonsine, maiti haikutolewa nyumbani kabla walio hai hawajaitwa. Desturi hiyo wazee wao walitoka nayo upande wa Mahagi, wakaishika hata walipohamia Bunia, katika kata ya Bankoko, ambako majirani zao walizika kwa kwaya ya misa na kurudi nyumbani. Marehemu alilazwa sebuleni. Jamaa walikaa uani juu ya mikeka. Mwimbaji alikaa mlangoni na adungu yake, kinubi cha mti na ngozi ambacho watu wa Mahagi hukipiga kwenye furaha na kwenye msiba. Alianza na mababu waliokufa zamani, akashuka jina kwa jina mpaka kwa walio hai. Kila aliyesikia jina lake alisimama, akajibu, "Nimesikia," akaingia ndani kuaga. Asiyeitwa hakuondoka mkekani. Wa mwisho kuitwa alikuwa kitinda mimba wa marehemu, na yeye akishasimama, jeneza lilifungwa.

Kulikuwa na sharti moja gumu. Mtu hakumwimbia mama yake mzazi, kwa sababu yeye naye alikuwa wa kuitwa, na hangeweza kukaa mlangoni na mkekani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Léon, kaka mkubwa wa Alphonsine, ambaye sauti yake ilijulikana Bunia nzima, toka Nyakasanza mpaka Mudzipela, hangeweza kumwimbia mama yake siku ikifika. Mama huyo, koko Elisabeth kama wajukuu walivyomwita bibi yao, alilijua jambo hilo mapema kuliko wote. Akachagua mjukuu, maana mjukuu mwimbaji aliruhusiwa kuaga kabla ya wimbo kuanza.

Alimchagua Étienne, mtoto wa Alphonsine, akiwa bado hajaota meno yote ya ukubwani. Baba yake alikuwa amekufa kwa ajali ya lori kwenye barabara ya Irumu, na mtoto alikuwa akishinda na bibi yake jikoni. Huko ndiko masomo yalikofanyika. Koko alimenya maharage, akaweka punje moja juu ya ungo na kutaja jina, akaweka nyingine chini yake na kutaja jina lililofuata, mpaka ungo wote ukawa ukoo. Kisha aliuchanganya kwa kiganja na kumwambia Étienne aupange upya.

"Huyu?"

"Ukumu."

"Alizaa nani?"

"Uringi na Unega."

"Na Unega alizaa nani?"

"Koko, Unega alikufa bila mutoto. Uko unataka kunikamata."

Koko alicheka mpaka maganda yakamwagika toka mapajani. "Angalia huyu! Alphonsine, kuya uone. Mutoto yako iko na kichwa kama sanduku ya padri. Kitu ikiingia, haitoki."

Alphonsine alikuja akiwa na mikono ya unga, akasimama mlangoni. Étienne alimwonyesha punje ya chini kabisa, ya mwisho. "Huyu ni weye, mama. Acircan." Nyumbani walimwita Alphonsine, lakini katika wimbo angeitwa kwa jina alilopewa alipozaliwa. Kumsikia mtoto wake akilitamka kulimfanya acheke na kuona haya, kama msichana.

Wakati huo serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, ikitaka ya asili tu, na shuleni Étienne aliitwa Uwonda. Hakulichanganya hata jina moja. Alijua nani anamwita nani, wapi, na kwa nini. Mwalimu wake alimpenda kwa hesabu za pembe na duara. Wajomba walimpenda kwa vidole vyake juu ya adungu. Kufika miaka kumi na miwili alikuwa akikaa na kundi la Léon kwenye harusi, mdogo nyuma ya kinubi kikubwa, akiimba sehemu ya juu kwa sauti safi ambayo wanawake walinyamaza kuisikiliza.

Kisha sauti ikavunjika.

Ilivunjika hadharani, kwenye harusi moja huko Saio, mwaka sabini na saba. Étienne alipandisha sauti kuchukua neno la juu, ikampasukia kooni, na mlevi mmoja akapiga kelele: "Fungeni mulango, mbuzi ameingia!" Watu wakacheka mpaka bibi harusi naye akacheka. Étienne aliweka adungu chini na kwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Léon ndiye aliyemfuata. Watu wa kundi lake walikuwa na kawaida ya kuvuta bangi nyuma ya jiko kabla ya kuimba. Walisema inafungua kifua, inafukuza usingizi wa matanga. Kuhusu sauti inayovunjika walikuwa na imani yao: ikiachwa ishuke peke yake itaanguka vibaya, itabaki kama ya bata, lakini ikipewa moshi itashuka polepole na kukaa mahali pake. Léon alimpenda mtoto huyo kuliko watoto wake wa kuzaa. Alimkabidhi msokoto kama mtu anayempa mgonjwa dawa.

Alphonsine alisikia harufu kwenye shati alipokuwa akifua. Akaenda kwa kaka yake, aliyemwita yaya kama wadogo wa huko wanavyowaita wakubwa wao.

"Yaya, mutoto iko na miaka treize, kumi na tatu tu."

"Sauti iko inashuka. Tunaisaidia."

"Na kichwa yake?"

Léon alimwangalia kwa upole, kama mtu anayeulizwa kitu cha kitoto. "Baba yetu alivuta, ndiyo ao hapana? Mimi navuta. Nani kati yetu alisahau jina hata moja?"

Alphonsine alifikiri. Baba yao alikufa mzee, akili yake ikiwa kali kama wembe. Léon aliweza kuimba usiku mzima bila kurudia neno. Alirudi nyumbani, akamaliza kufua.

Na kweli, sauti ilishuka. Ilikaa chini, nene na laini, na watu wakasema Léon ameshinda. Étienne naye aliendelea kupokea alichopewa, kwanza kwenye harusi na matanga, baadaye na wenzake kando ya mto Nyamukau, baadaye peke yake. Alphonsine aliona mambo madogo, moja moja, na kila moja lilikuwa na maelezo yake. Alimtuma chumvi, akarudi mikono mitupu, akasema alisimama kuangalia barabara. Ni ujana. Alimkuta amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, hajui kama alikuwa akiingia au akitoka. Ni uchovu. Alianza kukarabati banda la kuku, akaliacha na upande mmoja wazi, kuku wakalala nje, na alipoulizwa alionekana kushangaa kweli kwamba banda halijaisha. Ni uvivu wa umri.

Mwalimu wa hesabu alipomwita Alphonsine shuleni, hakusema uvivu. "Mama, ningejua ni uvivu ningemchapa. Mtoto anaanza vizuri. Anaandika mstari wa kwanza, wa pili. Halafu anainua kichwa, na akirudi kwenye karatasi ni kama imeandikwa na mtu mwingine. Anaanza tena mwanzo. Saa inaisha." Kisha akauliza, "Ameanguka? Amepigwa kichwani?"

Étienne akaacha shule katika mwaka wa tatu wa sekondari. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mwaka huo huo akaanza kusema majirani wanamteta ukutani, na koko Elisabeth akaacha kumchezea michezo ya maharage, kwa sababu mara ya mwisho Étienne alikuwa ameupindua ungo kwa hasira.

Alphonsine akampeleka dispensari. Muuguzi alikuwa mwanamke wa Boga, jina lake Martine, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Aliongea na Étienne peke yake, muda mrefu. Kisha akamwita mama.

"Anavuta toka lini?"

"Toka sauti yake ilivunjika. Lakini kwetu wanaume banavuta, mama. Baba yangu, kaka yangu. Haikuwafanya kitu."

"Bao balianza na miaka ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo. Baba yake alianza baada ya kuzaliwa Léon. Mama yao alikuwa akilisimulia hilo kwa kumcheka. Léon mwenyewe alijifunza kwenye machimbo ya dhahabu ya Kilo, na alikwenda huko akiwa ameshaoa.

"Bakubwa," alisema. "Bote balianza bakubwa."

Martine akatikisa kichwa polepole. "Sina mashine ya kuangalia ndani ya kichwa ya mutu. Naangalia tu wale banapita kwa huu mulango. Wale balianza bakubwa, wengi banatumika, banajenga nyumba. Kuko bale balianza batoto, na hao ndio bananirudilia. Kichwa ya mutoto ingali inajijenga. Usione amekuwa murefu kukupita ukafikiri imemaliza."

"Akiacha, akili yake itarudia kama zamani?"

"Aache leo. Ingine itarudia."

"Ingine?"

"Ingine, mama. Sitakudanganya."

Njiani Étienne alitembea nyuma yake, mikono mifukoni. Walipofika kwenye njia panda ya kwao, Alphonsine hakuingia. Alimwambia atangulie nyumbani, akashika njia ya kwa Léon.

Alimkuta uani akikaza ngozi mpya juu ya adungu. Léon alianza kusalimu, akakatizwa.

"Weye na moshi yako! Ulitaka sauti, ukachukua kichwa! Kaa na hiyo sauti sasa, uipike, uikule!"

"Alphonsine, batu banasikia."

"Basikie! Si weye unapenda kusikiwa?" Alikuwa akilia na hakujipangusa. "Ulianza na miaka ngapi, yaya? Niambie. Ulianza na miaka ngapi?"

Léon aliuliza nani amemwambia aulize hivyo. Akasimuliwa. Mkono wake ulibaki juu ya ngozi, na ngozi, iliyokuwa bado mbichi, ikaanza kulegea na kujikunja upande mmoja. Hakuikaza. 

"Vingt-quatre," alisema mwishowe, miaka ishirini na minne. "Nilikuwa na vingt-quatre. Nilikuwa na mutoto mugongoni mwa bibi niliyeoa."

Toka siku hiyo hakuna mtu wa kundi lake aliyethubutu kumpa Étienne kitu. Léon mwenyewe alikwenda mtoni, akawatawanya vijana kwa fimbo na matusi. Lakini kazi kubwa ilikuwa ya Étienne, na aliifanya. Alphonsine alitaka hilo lijulikane daima, kwamba mtoto wake aliifanya. Wiki za kwanza hakulala, hakula, alimtukana mama yake na kisha kumwomba msamaha akiwa amejishika kichwa. Baadaye akaanza kumaliza sahani. Akaacha kusikia sauti ukutani. Akalimaliza banda la kuku. Siku moja alifanya mzaha juu ya pua ya jirani yao Gérard, mzaha mzuri, wenye mwanzo na mwisho, na Alphonsine akaingia chumbani ili Étienne asimwone anavyofurahi.

Koko Elisabeth akaurudisha ungo.

Sasa koko alikuwa hawezi tena kukaa jikoni. Walimtandikia kwenye baraza, na aliyemenya maharage sasa ni Étienne. Siku nyingine kijana alishuka vizuri toka Ukumu mpaka kwa wajukuu, punje kwa punje. Siku nyingine alifika katikati, akainua macho kumwangalia ndege au mtu anayepita, na akirudi kwenye ungo alikuwa amerudi kwa Ukumu. Koko hakumkemea. Alisubiri, akagonga ungo kwa kucha, akasema, "Ulikuwa kwa Jalum." Naye akaendelea.

Alphonsine aliona. Akamwambia mama yake wamwite mtu mwingine, labda mtoto wa binamu aliye Aru. Akaleta hata ombi la Léon, kwamba wazee wavunje sharti mara hii moja, aimbe yeye.

"Léon ni wa kuitwa," alisema koko. "Na huyo wa Aru hanijue. Atanisindikiza namna gani mutu asiyenijua?" Akamwangalia Étienne, aliyekuwa akikusanya maganda. "Atanifikisha. Akichelewa, sina haraka. Nitakuwa nimekufa."

Étienne alicheka. Kisha akasema, bila kucheka, "Nitakufikisha, koko."

Koko alikufa mwezi wa pili, mwaka themanini na mbili, wakati wa vumbi. Étienne alikuwa na miaka kumi na minane. Asubuhi uani pakajaa: watu wa Mahagi, watu wa parokia, majirani. Martine wa dispensari alikuja, akasimama karibu na ukuta. Léon alikaa kwenye mkeka wa mbele bila chochote mikononi, na mikono hiyo mitupu ilionekana mikubwa kupita kiasi. Alphonsine, kitinda mimba, alikaa kwenye mkeka wake peke yake, karibu kabisa na mlango.

Étienne akatoka na adungu. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe. Alikaa, akajaribu nyuzi, akaanza.

Sauti ile ikashuka juu ya watu kama kivuli siku ya jua. Alimwita Ukumu. Akawaita Uringi na Unega, akampa Unega mstari wake mfupi wa mtu aliyekufa bila mtoto. Akaja kwa Jalum, akaja kwa mume wa koko. Wazee walikuwa wakiitikia kwa kichwa. Akaingia kwa walio hai. Akamwita Léon kwa jina lake la kuzaliwa, na Léon akasimama, akasema, "Nimesikia," akaingia ndani. Akaitwa dada yao mkubwa. Wakaitwa wajukuu, mmoja mmoja, mikeka ikabaki wazi.

Akabaki Alphonsine.

Alikuwa ameshakusanya kanga yake tayari kusimama. Étienne akamwangalia. Aliona macho ya mtoto wake yakimfikia, yakamjua, yakajaa upendo. Kisha mahali fulani barabarani lori likapiga honi, na macho yale yakainuka kidogo. Vidole havikusimama. Vilizunguka, vikatafuta, vikapata njia vinayoijua.

"Ukumu," aliimba Étienne.

Watu walidhani ni pambo, kwamba ameamua kurudia kwa heshima. Akashuka tena, vizuri, bila kosa. Majina ya waliokwisha kusimama yakaitwa mara ya pili, na wenyewe, wakiwa wanatoka ndani, hawakujua kama wajibu au wanyamaze. Akafika karibu na mwisho. Alphonsine akamwona akilisogelea jina, akamwona akilipoteza. Jasho lilikuwa limeloanisha shati.

"Ukumu."

Sasa kulikuwa na mnong'ono. Mtu nyuma alisema, "Iko anazunguka." Mwingine akasema, "Si ndiye ule wa mtoni?" Na kicheko kidogo, cha pua tu, kikatoka upande wa vijana. Étienne alikisikia. Sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza. Léon alikuwa amesimama kwenye kizingiti nyuma yake, midomo wazi, jina la dada yake limemjaa kinywani, na sharti likimziba.

Étienne alifika tena kwa wajukuu. Alifika kwenye pumzi ile ya mwisho kabla ya jina.

Alphonsine akasimama.

"Nimesikia!" alisema kwa nguvu, uani kote wakasikia. "Nimesikia, baba."

Nyuzi zikanyamaza. Alipita karibu na mwanawe, akamgusa bega, akaingia kwa mama yake. Jeneza likafungwa. Hakuna aliyebisha, nani angemwambia mtu aliyefiwa kwamba hakuitwa? Lakini waliokaa karibu na mlango walijua, na Léon alijua. Alipobeba jeneza mbele, alilia kwa sauti kubwa, na wageni walidhani anamlilia mama yake tu.

Jua lilikuwa bado halijazama waliporudi toka makaburini. Watu walipungua. Alphonsine alikuwa akikunja mikeka Étienne alipokuja na adungu chini ya kwapa.

"Mama, nilikuita?"

"Uliniita."

"Mama."

Aliendelea kukunja mkeka. Ulikuwa mgumu kukunjika.

"Niliona jina yako," alisema Étienne. "Ilikuwa pale, kama ile punje ya chini. Nilikuwa nalenga kuishika. Halafu sijue. Nikajikuta juu." Akaangalia vidole vyake. "Koko iko bado anangoja. Kama mutu wa mwisho hakuitwa, iko bado anangoja kwa mulango."

"Koko alisema hana haraka."

"Kaa, mama. Nijaribu tena. Sasa batu haiko."

Alphonsine akautandaza tena mkeka mahali ulipokuwa, karibu na mlango. Akakaa, akakusanya kanga.

"Na usinisaidie," alisema Étienne. "Usisimame mpaka nikuite."

"Sawa, baba."

Akaanza. Alishuka polepole, akikaza macho kwenye nyuzi, bila kumwangalia ndege wala mtu. Alphonsine alimsikiliza akiwapita wafu wote, akiwapita walio hai. Karibu na mwisho sauti ilipunguka, ikasita, ikapapasa. Kisha ikarudi juu.

Aliimba hivyo jioni hiyo, na kesho yake, na Jumapili nyingi za miaka iliyofuata, hata baada ya Léon kufa na kundi kutawanyika na watu wa Bankoko kuanza kuzika kwa redio kaseti. Siku nyingine alikaribia sana. Mama yake alikuwa akiacha kazi yoyote aliyokuwa nayo, akifuta mikono, akitandika mkeka ule ule na kukaa. Magoti yalianza kumuuma, kisha yakamuuma sana. Hakusimama.